Land Cruiser 75: usukani nageuza, gari halisikii. Ni boksi kweli, au naibiwa?

Vitunguu_Mbulu

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa watu waliowahi kuzishika hizi gari kwa mikono yao.

Nina Land Cruiser pikapu HZJ75 ya mwaka 1994, injini 1HZ, springi za majani mbele na nyuma, pawa stelingi ipo. Kazi yake ni kushusha vitunguu swaumu kutoka Mbulu hadi Karatu, na msimu ukikolea nafika nayo Arusha. Kwenye rafu haina shida ya kusema, maana huko kila gari linacheza tu. Shida ni lami. Nikishaiacha Karatu kuelekea Makuyuni, usukani na matairi ni kama hawajuani. Nageuza kidogo, kimya. Naongeza, kimya. Halafu gari linakuja lote kwa mpigo, nalirudisha, na upande wa pili ni hivyo hivyo. Kwa spidi 80 naishona barabara kushoto kulia. Basi likinipita, upepo wake peke yake unanisogeza hadi mstari wa pembeni. Mama watoto siku hizi akipanda anafumba macho kuanzia Rhotia.

Fundi wa hapa alikaza ile skrubu iliyo juu ya stelingi boksi. Plei, ule ulegevu wa usukani, ikapungua palepale, lakini sasa nikikata kona usukani haurudi wenyewe, mpaka niurudishe kwa mkono, na kule kuyumba bado kupo. Sasa anasema boksi limekufa, kuna la mtumba Arusha kwa milioni moja na laki mbili. Hela hiyo ninayo lakini ina kazi nyingine. Je, kweli ni boksi?

Matairi ni 7.50R16, ya mbele bado yana kama nusu ya meno. Usukani hautetemi, ni ulegevu tu.

Moran_Isiolo

Boss, hizo gari zote ziko hivyo, ni mambo ya uzee. Yangu ilikuwa inanisumbua nikaweka shoki mpya ya usukani, ile iliyolala pale mbele kwa eksili. Ikatulia. Jaribu hiyo kwanza, ni bei rahisi kuliko boksi.

Kiti_Moto_Cha_Nyuma

Uza, nunua Probox. Ahsante.

Babu_Spana

Usinunue boksi. Na huyo fundi airudishe skrubu pale alipoikuta, tena aifanye hiyo kazi kabla hujapakia mzigo mwingine.

Nimezifanyia kazi 75 na 78 hapa Arusha, gari za kupeleka wageni porini, kabla sijafungua kibanda changu mwenyewe. Nimekuta maboksi mazima kabisa yaliyotupwa nyuma ya gereji kwa sababu ya tairodi moja, yaani fito moja ya usukani. Kati ya viganja vyako na lami kuna viungo zaidi ya kumi. Kila kimoja kikiachia nusu milimita, wewe uliyeshika usukani unaipata jumla yake, na jumla hiyo ndiyo fundi anaita boksi, kwa kuwa boksi lina skrubu inayofikika ukiwa umesimama. Viungo vingine vinataka mtu alale chini.

Nikueleze hiyo skrubu inafanya nini ili uelewe kwa nini usukani unagoma kurudi. Ndani ya boksi kuna shafti yenye meno, ndiyo inayoshika mkono wa pitmani kwa chini, ule unaosukuma fito za usukani. Skrubu inaisukuma hiyo shafti ikae karibu zaidi na nati inayoizungusha. Waliolitengeneza wameyapanga meno yabane kidogo pale katikati, usukani ukiwa umenyooka, na yalegee ukikata kona. Ukikaza mpaka plei yote iishe wakati plei yenyewe iko kwingine, unayasaga meno ya katikati, yaani pale unapoendeshea muda wote. Gari linakuwa zito katikati, linakataa kurudi, dereva anazidi kuyumba kwa sababu sasa kila anachorekebisha kinapitiliza. Endelea hivyo msimu mmoja na hapo boksi litakufa kweli, fundi aonekane nabii.

Sasa tafuta mtu wa kukusaidia, mtoto wa shule anatosha. Gari lisimame chini kwa matairi yake, usilipige jeki. Handbreki juu, kabari matairi ya nyuma, gia iwe huru, injini iwake ili pawa ifanye kazi. Huyo mtu akae aucheze usukani kushoto kulia, upana wa kiganja tu, taratibu lakini bila kuacha. Wewe lala chini mbele, nguo zisiwe za kupepea, mikono iwe mbali na feni na mikanda.

Usitazame tu. Shika. Macho yanadanganya kwa sababu kila kitu huko chini kinatikisika. Weka kidole gumba upande mmoja wa kiungo na kidole cha shahada upande wa pili, yaani kimoja kwenye jicho la tairodi na kingine kwenye mkono ulioshikana nalo. Kiungo kizima, vidole vinakwenda pamoja. Kilichokufa, kidole kimoja kinatangulia halafu kingine kinafuata, na utasikia ka-mgongano kadogo kwenye ngozi hata kama sikio halisikii kitu.

Fuata njia ya nguvu, usirukeruke. Anza juu: krosi, yaani viungo vya kukunja, za ile shafti inayoteremka kutoka kwenye usukani hadi kwenye boksi. Kisha boksi lenyewe: mkono mmoja kwenye shafti inayoingia, jicho kwenye pitmani inayotoka. Shafti ikizunguka sana na pitmani imetulia tuli, hapo ndipo boksi lina hatia. Ikiitikia karibu palepale, boksi liache na amani yake.

Hapohapo tazama boksi linaposhikana na chesisi. Je, linapanda na kushuka lote? Futa matope kwanza kwa brashi na dizeli. Bolti iliyolegea inaacha mstari wa vumbi jekundu kuzunguka kichwa chake, ni kutu inayosagwa, na pembeni yake chuma kinang'aa. Tazama pia chesisi yenyewe kama haina ufa. Rafu ya Karatu hadi Mbulu inavunja vitu ambavyo Wajapani hawakuvifikiria.

Kisha draglinki, ile fito inayotoka kwenye pitmani kuvuka kwenda upande wa pili. Ina boli mbili, vile viungo vya mviringo vya nchani. Kisha tairodi inayounganisha magurudumu mawili, nayo ina boli mbili. Hizi nne ndizo zinazoongoza kwa kufa. Na usiache nati za mkono wa usukani pale kwenye nako, ile nyumba ya chuma inayogeuka pamoja na gurudumu. Hizo zikilegea stadi zinakatika, na zikikatika huna usukani kabisa. Sitanii.

Ukimaliza, zima injini, inua gurudumu moja moja kwa jeki, weka stendi chini ya eksili. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie yule mtu akanyage breki ya mguu kwa nguvu, utikise tena. Plei ikiisha, ni beringi za habu, zile gurudumu linazozungukia. Ikibaki, ni beringi za kingpini ndani ya nako, zile nako inazogeukia usukani ukikatwa. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote na linakuepusha kufungua kitu kisichohusika.

Moran, shoki ya usukani kazi yake ni kumeza kutetemeka, gari linapopiga shimo usukani usikupige mikono. Haiwezi kuondoa plei, ila inaificha. Yako ilitulia, sikatai. Lala chini yake uikague.

Kitu cha mwisho, ndugu wa vitunguu. Pima upepo matairi yote manne kabla ya yote, yakiwa ya baridi. 7.50 yenye upepo mdogo mbele inayumba hata gari likiwa jipya. Na kama kuna mtu aliyeinua springi kwa shako ndefu, vile vibati vinavyoishika springi nchani, niambie, hiyo ni hadithi nyingine.

Sada_Kigamboni

Shikamoo Babu. Samahani kudandia uzi. Mimi nina Corolla 110, nayo usukani umelegea na kuna sauti ya kugonga chini nikipita kwenye matuta. Hayo ya boksi yananihusu?

Babu_Spana

Marahaba binti yangu. Hapana, ya kwako ina raki, fito yenye meno inayosukuma matairi moja kwa moja, haina boksi la namna hii. Kwako watazame tairodi za nje, kisha rakiendi zilizojificha ndani ya zile mpira zenye mikunjo, kisha mpira zinazoishika raki kwenye bodi. Mpira hizo zikilainika kwa mafuta, raki nzima inatembea kushoto kulia kabla tairi halijageuka. Mlio wa tuta mara nyingi ni boljointi ya chini au linki ya stabilaiza, si usukani. Na raki ya gari lako plei yake inatakiwa iwe ndogo sana, usikubali kuambiwa ni uzee.

Vitunguu_Mbulu

Babu, nimerudi na majibu. Nililala chini na kijana wa jirani akashika usukani. Skrubu ilisharudishwa jana, fundi alinuna lakini akairudisha. Usukani umeanza kurudi wenyewe, ila plei sasa ni kubwa mno, nimepima kwa rula kwenye ukingo ni sentimita saba hivi.

Krosi nzima. Shafti ikizunguka, pitmani inaitika karibu palepale. Bolti moja ya boksi ina ule mstari mwekundu kama ulivyosema, nilipoiwekea spana ikakubali robo mzunguko nzima. Boli ya draglinki upande wa pitmani imekufa, nilihisi kidole kinatangulia na nilicheka peke yangu chini ya gari. Boli ya tairodi kushoto nayo, mpira wake umepasuka na ndani kuna mchanga mtupu. Nilipoinua: kushoto pametulia. Kulia panacheza, na nikikanyagiwa breki bado panacheza. Halafu huko kulia ule mpira mkubwa wa chuma nyuma ya gurudumu umelowa, kitu cheusi chepesi kinachuruzika hadi kwenye rimu.

Springi hazijainuliwa. Upepo: kushoto 40, kulia 28. Huo nimeshausawazisha.

Babu_Spana

Umemaliza nusu ya kazi na hujatumia shilingi.

Hicho cheusi kinachochuruzika ndicho kilichoua kingpini yako. Kule ndani ya nako kunatakiwa kuwe na grisi nzito. Sili ya eksili ya ndani imechoka, oili ya difu inavuja na kuiyeyusha grisi hadi inakuwa uji, uji unatoka nje, beringi zinabaki zinasaga pakavu. Kwa hiyo ukibadilisha beringi bila kubadilisha sili utazinunua tena. Nunua seti yake nzima ya nako, yenye sili ya ndani, sili za nje, zile felti na mpira, halafu beringi za kingpini ununue zenye jina. Fanya pande zote mbili hata kama kushoto pametulia. Kushoto pametulia leo.

Boli za draglinki na tairodi, toa zote nne. Zilizeeka siku moja, hizo mbili nyingine zinangoja tu. Tafuta chapa ya 555 ya Japani ya kweli. Gerezani na Kariakoo za Dar utaipata, Arusha pia, lakini bandia ni nyingi na boksi lake linafanana. Mimi huzitambua hivi: chukua boli mkononi, jaribu kuisukuma ile stadi kwa kidole. Nzima ni ngumu, inasogea kwa kunung'unika, na inakaa unapoiacha. Ikianguka yenyewe upande ukiinamisha, mrudishie mwenye duka hata kama anakuita mjomba. Tazama pia mpira wake, kama ni mwembamba wa kung'aa, achana nao, hautamaliza kiangazi.

Wakati wa kutoa, fundi asitumie ule uma wa kugongea, unachana mpira. Afungue nati akaribie kuimaliza, aache nyuzi chache, achukue nyundo mbili, agonge ubavu wa lile jicho pande mbili kwa wakati mmoja. Itaruka. Ncha moja ya kila fito ina nyuzi za kushoto, asilazimishe. Na ahesabu mizunguko inayotoka ili mpya iingie kwa kiasi hichohicho, itakupa pa kuanzia.

Kwenye kingpini ndiko mafundi wengi wanakimbiza kazi. Beringi hizo hazikazwi kwa kukisia. Zinabanwa na shimu, vile vibati vyembamba, na kubana kwake kunapimwa kwa mizani ya ndoano, ileile ya kupimia nyama. Nako ikiwa imefungwa bila ile sili ya nyuma na bila fito za usukani, funga mizani kwenye tundu la mkono wa usukani, vuta taratibu hadi ianze kugeuka. Isome. Iwe kati ya kilo 3 na 6. Chini ya hapo toa shimu, juu ya hapo ongeza. Nimeona nako zilizofungwa zikiwa huru kabisa, zinageuka kwa kidole, na mwenye gari anashangaa kwa nini bado anayumba na ametumia laki kadhaa. Kule kubana kidogo ndiko kunakolifanya gurudumu litulie likishanyooshwa.

Habu wakiwa wameifungua, wakaze beringi zake kwa soketi ya 54, si kwa patasi na nyundo. Ukiona nati ya habu ina makovu ya patasi, jua aliyekutangulia hakuwa na soketi. Na ile washa ya kukunja iwe mpya.

Bolti ya boksi itoe nje kabisa, safisha nyuzi, tazama tundu kama halijawa yai, kisha irudishe na ukaze na wenzake wote. Ile stadi ya pitmani nayo angalia nati yake.

Baada ya hapo toa mwelekeo wa magurudumu mwenyewe kabla hujaenda kwenye mashine. Magurudumu yamenyooka, sukuma gari mbele kidogo kwa mkono ili vitu vitulie. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, pima kwa futi kutoka mstari hadi mstari kwa mbele, kwenye kimo cha katikati ya habu, kisha pima kwa nyuma ya matairi hayohayo. Mbele pawe pungufu kwa milimita 1 au 2. Ikiwa mbele ni pana kuliko nyuma, hata kidogo, gari litatangatanga mpaka ukome.

Skrubu ya boksi haiguswi mpaka haya yote yamekwisha. Mimi nikikuta zaidi ya milimita 40 kwenye ukingo wa usukani silitoi gari gerejini, lakini nakuhakikishia kwa hayo uliyoyaeleza utashuka chini ya hapo bila kuliona boksi.

Moran_Isiolo

Mzee, nimelala chini ya gari yangu leo asubuhi. Sitasema nimepata nini. Boli mbili zinakuja na basi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, kesho.

Vitunguu_Mbulu

Kazi imekwisha, Babu. Boli zote nne, nako pande mbili, bolti ya boksi. Mizani niliazima buchani, mwenye bucha akaja nayo mwenyewe kuhakikisha haichafuki. Kulia ilikuwa kilo 1 na kitu, tukatoa shimu mbili, ikafika 4. Mbele pungufu milimita 2. Plei ya usukani sasa ni sentimita mbili na nusu. Nimekwenda Makuyuni na kurudi, gari linakwenda linapoelekezwa.

Kimebaki kimoja. Nikinyoosha barabarani, usukani wenyewe umekaa upande, mkono wake umeinama kushoto. Fundi anataka auvue auzungushe jino moja.

Babu_Spana

Asiuvue! Nilikwambia meno ya boksi yanabana pale katikati. Usukani ulifungwa kiwandani ukiwa umenyooka boksi likiwa katikati yake. Akiuhamisha jino, macho yako yataona umenyooka lakini boksi litakuwa limekaa pembeni ya pale pa kubana, na plei itarudi ukiwa unakwenda moja kwa moja.

Ulivyosema umeinama, maana yake draglinki yenye boli mpya sasa ni ndefu au fupi kuliko ilivyokuwa. Legeza klampu mbili za draglinki tu, tairodi usiiguse maana mwelekeo umeshautoa. Zungusha bomba lake nusu mzunguko, shuka barabarani ujaribu. Ukizidi kuinama, zungusha upande wa pili. Mara mbili tatu utakuwa sawa. Kaza klampu, hakikisha bolti zake hazigusi kitu usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili, piga kotapini mpya kwenye kila nati. Ukishatembea kama kilomita 500 lala tena chini, upitishe spana kwenye klampu, bolti za boksi na zile nati za nako. Ukija Arusha na mzigo, niletee kilo mbili za hivyo vitunguu, vya sokoni hapa vina maji mengi.